Nusu ya Gramofoni

Jumanne, 3 Julai 1962

Baridi ya kuua. Vidole vimekufa ganzi. Lakini lazima niandike, maana leo nimepata habari ya kubadili maisha yangu.

Dereva wa lori la samaki ameleta salamu kutoka Kilwa, hii yetu ya ziwani, huku huku Katanga. Baba mkwe wangu, Mzee Chola, anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Anatafuta mtu wa kumuuzia samaki wake hapa mjini. Mtu mmoja tu, kati ya wakwe zake wawili. Wakwe wenyewe ndio hawa: mimi, Clément Mwansa, karani wa ghala la vifurushi stesheni, mtu mwenye akili; na Edouard, aliyemwoa dada ya Clotilde wangu, tarishi wa benki, mtu mwenye tai. Ukimvua tai hakuna kitu ndani.

Mzee atafikia kwangu, si kwa Edouard! Nilifurahi mpaka dereva alipoendelea. Kumbe Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki amempa Mzee sahani nne za santuri. Mzee hajawahi kuzisikia. Anakuja nazo, azisikilize kwenye gramofoni yangu.

Sina gramofoni. Krismasi iliyopita, nikiwa nimechangamka, nilimtumia salamu kwamba ninayo, mpya, ya umeme. Nilitegemea barabara ya Kilwa ni mbovu vya kutosha kunilinda.

Clotilde anasema nimwambie baba yake ukweli. Mwanamke huyu hana maarifa ya biashara. Nitatafuta gramofoni ya bei nafuu, nitaipata, na Mzee atakaa nyumbani kwangu hapa Makomeno akisikiliza muziki na kuniita mwanangu. Miaka sita ananiita “mume wa Clotilde,” kama vile mimi ni mzigo ulioandikwa jina la mwenyewe. Inaniuma, lakini siwezi kumwambia mtu.

Alhamisi, 5 Julai

Saa ya chakula nimekwenda duka la mjini. Gramofoni tatu dirishani, zinang'aa kama viatu vya harusi. Nikauliza bei ya kwanza. Nikauliza bei ya pili. Ya tatu sikuuliza, niliomba maji ya kunywa.

Muuzaji, mtu wa miwani na dharau, akaanza kunifundisha. Mtu akinunua gramofoni atazame sindano isiwe butu, atazame mwendo wa sahani, na aulize sauti inatokea wapi. Nikamjibu kwamba sauti ya gramofoni inatokea kwenye gramofoni, na kama hajui hilo nashangaa kwa nini wamempa funguo. Akanifungulia mlango nitoke. Wateja wengine wakacheka, nadhani walimcheka yeye.

Nimechelewa kurudi ghalani. Bosi amenuna. Wazungu siku hizi wananuna ovyo, nusu yao wanafunga mizigo na nusu wanajiuliza kama wafunge.

Jumamosi, 7 Julai

Sokoni, kwa mama anayeuza vitu vya Wazungu walioondoka. Kila familia ikipanda ndege, mama huyu ananenepa. Ana vitanda, ana piano, ana kiti cha daktari wa meno. Na ana gramofoni! Ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, na pembe lake la bati. Bei ya kibinadamu kabisa.

Aliniambia nizungushe polepole. Nikazungusha kiume. Ndani kitu kikalia krrr, halafu kimya. Nikamwambia mama kwamba nimeitazama vizuri, haifai. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi mpaka kwenye vibanda vya mboga, na kutoka hapo nikakimbia.

Kofia yangu imebaki kwake. Clotilde ameuliza kofia iko wapi. Nimesema upepo. Akatazama nje, hakuna jani linalotikisika.

Jumapili, 8 Julai

Mungu yupo! Na leo alikuwa kanisani.

Baada ya misa nimesikia watu wakisema kwamba Mzee Chomba, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alimshonea mapazia Mzungu wa Bel-Air, mtaa wa matajiri, na Mzungu akaondoka kwa haraka bila kulipa. Badala ya malipo amemwachia vyombo vya nyumbani. Ndani yake mna gramofoni mbili!

Lakini subiri, utamu bado. Mimi ni wa ukoo wa Chui. Chomba ni wa ukoo wa Mbuzi. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba Chui na Mbuzi ni watani, banungwe, tangu enzi za mababu. Tunatukanana msibani, tunazikana, na tunachukuliana vitu bila kuombana. Mtani akibeba kitu chako, wewe unacheka. Ukinuna umejiaibisha wewe na ukoo mzima.

Kwa hiyo sinunui. Nachukua! Nimezunguka mji mzima nikitafuta gramofoni ya bei nafuu, kumbe ya bure ipo mtaa wa pili. Nimejipongeza kwa kikombe cha munkoyo, togwa yetu ya mizizi.

Clotilde amesema Chomba naye ana haki ya kuja kuchukua kwangu. Nimemuuliza amewahi kuona wapi mbuzi akila chui. Halafu akataka kuniambia jambo fulani kuhusu baba yake na mambo haya ya ukoo. Nikamwambia kesho. Kichwa kilikuwa kimejaa mipango.

Jumanne, 10 Julai

Nimefanya! Nimekwenda na mashahidi wawili kutoka ghalani, maana jambo la utani halipendezi bila watazamaji. Chomba alikuwa kwenye cherehani yake, suruali ya mtu mapajani, pini mdomoni. Nikasimama mlangoni, nikaunguruma. Nikamwambia chui ana njaa.

Chomba akatoa pini mdomoni, akacheka, akanionyesha mezani nichague. Moja ni kisanduku cha kahawia, kibaya, kimekwaruzwa, mbele kimezibwa kwa kitambaa kama kabati la kuwekea nyama. Ya pili, jamani! Chuma cheupe, mbao laini, mkono mwembamba wa kubebea sindano, sahani ya kuzungusha ina mpira mweusi. Mtu mwenye macho hahitaji kufikiri hapo. Nikainyooshea kidole ile ya kung'aa.

Chomba akacheka zaidi. Akacheka mpaka akakaa chini. “Beba, munungwe wangu, beba na waya yake yote!” Akaifunga mwenyewe kwenye kipande cha pazia la Bel-Air. Akanisindikiza hadi njiani akijifuta machozi. Nilitegemea alalamike kidogo, ili mashahidi waone ushujaa. Lakini ni mtani mwema, nimekubali.

Clotilde ameitazama gramofoni, akanitazama mimi. “Mutu unamunyang'anya kintu yake, anacheka vile, na we hauogope?” Wivu wa furaha yangu, basi.

Jumatano, 11 Julai

Sikukuu ya nchi yetu ya Katanga, mwaka wa pili. Bendera kila mahali, tarumbeta, gwaride, hotuba. Askari wa ONU, hawa wa Umoja wa Mataifa, nao wamesimama kwenye vizuizi vyao wakitutazama kama watu waliokuja harusini bila kualikwa. Sikwenda gwarideni. Nilikuwa na sherehe yangu.

Nimeazima sahani ya muziki kwa jirani. Nimechomeka waya kwenye tundu la taa. Gramofoni ikazunguka! Ilizunguka vizuri ajabu, sijawahi kuona kitu kinazunguka vile. Nikashusha sindano.

Mbu. Mbu ndani ya chupa. Ukiweka sikio kwenye sindano unasikia kwamba mbali sana, labda Ulaya, kuna mtu anaimba. Nikaondoa sindano, nikarudisha. Nikaitikisa. Nikaisemesha kwa upole, nikaitukana, nikapiga magoti.

Katika hali hiyo akaingia nani? Edouard, na tai yake, amekuja kututakia sikukuu njema. Akasimama. Akainama akatazama waya. Akanieleza, kwa sauti ya kusomea maiti, kwamba hii ni nusu ya gramofoni. Inazungusha tu. Sauti lazima itoke kwenye redio kubwa yenye matundu nyuma, wanaunganisha. Wakurugenzi wa benki wote wanafanya hivyo. Ile yenye kitambaa mbele ndiyo inayoimba yenyewe.

Nani ana redio kubwa yenye matundu nyuma katika mtaa huu? Edouard. Peke yake. Nikamwomba aniazime. Akasema redio yake haitoki nyumbani, lakini baba mkwe anakaribishwa kwake siku yoyote, na samaki wake pia.

Nimekimbia hadi kwa Chomba kuchukua kile kisanduku kibaya. Amekiuza jana jioni kwa mapadri. Na aliponiona akaniambia nimefika vizuri, maana na yeye alikuwa njiani kuja kwangu. Tukarudi pamoja. Akaingia chumbani, akatoka na suti yangu. Suti yangu moja, ya bluu, aliyoishona yeye mwenyewe, niliyokuwa nimempangia Mzee Chola. “Leo mbuzi njo inakula chui!” Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sababu sheria ni sheria. Mashavu bado yananiuma.

Alhamisi, 12 Julai

Sikulala, nilifikiri. Na nimepata! Edouard ana udhaifu mmoja: mwoga kuliko kuku wa mgeni.

Leo asubuhi, kwa kinyozi, nimesema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba naongea na wembe, kwamba ONU wataanza kupita nyumba kwa nyumba kuchukua redio kubwa. Ndogo hawana shida nazo. Kubwa, kwa sababu zinashika stesheni za mbali. Nimesikia stesheni, nikasema. Kwamba ni stesheni ya treni, sikusema. Kinyozi amenikata kidogo sikioni kwa mshtuko.

Jioni hii habari imenirudia kutoka kwa muuza mkaa, ikiwa imenenepa: wanakuja kesho, na wanachukua na wenye redio. Kazi nzuri.

Ijumaa, 13 Julai

Saa kumi na mbili jioni, hodi. Edouard, amebeba kitu kikubwa ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa. Anaomba nimhifadhie redio siku chache. Nikakunja uso. Nikasema ni hatari. Nikasema nina mke. Mwishowe nikakubali kwa ajili ya udugu. Alinishika mikono yote miwili! Moyo ulikuwa unaimba wenyewe, bila matundu.

Nikamuuliza, kwa kutaka sifa tu, kwa nini amenichagua mimi. Akajibu mbele ya mke wangu: “Kwa Clément hakuna mutu atakuya kutafuta kintu. Bote banajua hana na kintu.”

Kesho ndiyo itakayomjibu.

Hodi tena. Jirani wa kushoto, na redio chini ya koti. Edouard amemshauri. Hodi. Mwalimu wa shule, na redio ndani ya pipa la unga. Hodi, hodi. Mpaka sasa ziko nane. Mbili ziko chini ya kitanda, moja ndani ya sufuria kubwa, tatu zimepangwa ukutani, ya Edouard iko mezani, na Clotilde hana pa kuweka bukari, ugali wetu. Amekaa juu ya redio ya mwalimu.

Jumapili, 15 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa heshima ya ukweli tu, maana hakuna heshima nyingine iliyobaki.

Mzee Chola alifika adhuhuri juu ya lori, ananuka ziwa, sahani zake nne kifuani ndani ya kitenge. Alinisalimu, “Habari, mume wa Clotilde.” Nilikuwa nimevaa ovaroli ya ghala. Mtaa wote ulikuwa umejaa uani, kila mtu akijifanya amekuja kumwamkia mgeni, kumbe anachunga redio yake kwa jicho. Edouard alisimama karibu na yake kama askari wa makaburi. Na Chomba akaja, ndani ya suti yangu. Inamkaa vizuri kuliko mimi. Mzee alimwachia kiti.

Nilikuwa ndio kwanza naunganisha waya, kwa maelekezo ya Edouard, alipoingia sajini wa polisi na vijana wawili. Mtu fulani amepeleka habari kwamba nyumba hii imejaa mitambo ya wapelelezi. Sajini akahesabu kwa kidole. “Redio munane! We uko na masikio ngapi?”

Nikasema si zangu. Akauliza ni za nani. Nikawageukia majirani. Mwalimu alikuwa anatazama mawingu. Jirani wa kushoto alisema yeye hajawahi kumiliki redio, inamuumiza kichwa. Edouard, akiwa ameweka mkono juu ya redio yake, alisema hanijui vizuri, tumeoa tu kwenye nyumba moja. Nilijiona nimefungwa kamba, napitishwa sokoni mbele ya yule mama mwenye kofia yangu.

Clotilde ndiye aliyesema. Alitoka jikoni na kikombe cha munkoyo, akampa sajini kwa mikono miwili, akapiga goti. Akamwambia baba yake ametoka Kilwa na sahani ambazo hajawahi kuzisikia, na majirani kwa wema wao wameleta redio zao zote ili tujaribu ipi itaimba vizuri. Akamletea na samaki wa kukaanga. Sajini akakaa. Akasema basi tusikie, na kama hakuna muziki atajua la kufanya.

Nikashusha sindano. Sijawahi kusali vile, hata siku ya ndoa.

Ikaimba! Sauti ikajaa uani. Lakini sauti gani? Kumbe swichi ya kubadili mwendo wa sahani imekatika, imebaki kwenye polepole kabisa, na sahani za Mzee ni za zamani, za kwenda mbio. Ng'ombe mgonjwa. Ng'ombe mgonjwa anasimulia maisha yake. Watu wakavua kofia, wakidhani ni wimbo wa msiba. Sajini naye akavua yake. Mimi nikafumba macho nikingoja pingu.

Nilipoyafumbua, Mzee Chola alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho. Akasema ndivyo kabisa, ndivyo Mgiriki yule anavyoimba akilewa, kama vile yupo hapa! Akataka tena. Tukazipiga zote nne. Sajini alikula samaki wawili, akaondoka ameridhika, na Mzee akamwita mwanangu. Yeye! Sajini!

Hapo ndipo nilipoona lazima nijisogeze mbele. Watu wengi, muziki umetoka, Mzee ana furaha. Nikasimama nikamweleza nilivyoipata gramofoni hii. Nikaunguruma kama siku ile. Nikamwonyesha Chomba, nikasema Mbuzi ni watu wa kuliwa tu, wamezaliwa na chumvi tayari. Watu walicheka. Kisha walicheka kwa namna nyingine. Clotilde alijifunika uso kwa kitenge.

Mzee Chola alisimama taratibu. “Mukwe, na miye niko Mbuzi.”

Sikujua! Ningejuaje? Mambo ya ndoa yalisemwa na mshenga wangu ndani, mimi nilikaa nje kama inavyotakiwa, na mtu hamuulizi baba mkwe maswali ya ukoo. Kama Mbuzi yeyote mbele ya Chui, Mzee akatazama nyumba yangu pole pole, kutoka paa hadi sakafu, akichagua. Chomba akamsaidia. Wakaifunga gramofoni kwenye lile lile pazia.

Imeondoka leo asubuhi juu ya lori, pamoja na Mzee. Inakwenda Kilwa, nyumbani kwake, mahali ambapo umeme haujafika hata kwa hadithi. Nilimweleza. Akasema atakuwa anaizungusha kwa kidole.

Na nilicheka. Sheria ni sheria. Nilicheka mpaka lori likapotea, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa kidogo peke yangu.

Samaki? Si mimi. Si Edouard, ambaye alikuwa amekuja na tai mbili za kubadilisha. Mzee amempa Clotilde. Alisema mbele ya watu wote kwamba katika ua ule aliona mtu mmoja tu anayejua kuongea na mteja. Mimi nitabeba vikapu kutoka stesheni, ambako lori litakuwa linavishusha, kwa sababu, alisema, mume wa Clotilde anafanya kazi pale pale.

Jumatatu, 16 Julai

Kikapu cha kwanza kimefika. Nimekibeba. Ovaroli inanuka, karani mwenzangu amehamisha meza yake. Clotilde ameuza wote kabla ya saa sita na jioni alikuwa anaimba. Amenipikia kichwa cha samaki, kikubwa, akanisugua mabega. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Halafu nikaanza kufikiri.

Samaki wanaoza. Hilo Clotilde hajalifikiria, ni mwanamke wa leo kwa leo. Mwenye jokofu ndiye atakayekuwa bwana wa samaki wote wa mji huu, na Mzee atalazimika kulijua jina lake.

Leo stesheni nimezungumza na Mutale, mpishi wa Bel-Air. Bwana wake ameondoka na amemwachia jokofu. Nimekwenda kuliona. Jeupe, refu kuliko mimi, mpini wa kung'aa. Kama ni la umeme au la mafuta ya taa sikuuliza, ukiona mpini ule huulizi. Mutale ni wa ukoo wa Samaki. Watani wa Samaki, kila mtu anajua, ni ukoo wa Mamba.

Kwa hiyo kuanzia kesho mimi ni Mamba. Nitamwambia Mutale kwamba bibi yangu alikuwa wa huko. Nimeshapata mashahidi wawili na kamba ya kufungia. Clotilde nitamweleza likishafika.